Chapa ya gitaa la bei nafuu: sifa yake ipimwe kwa kigezo gani?

Katibu wa Kwaya (Moshi)

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kwaya ya vijana katika usharika mmoja hapa Moshi, na kamati imenikabidhi fedha za kununua magitaa makavu (yasiyo ya umeme) mawili, moja la kuongozea nyimbo ibadani na jingine la vijana wanaojifunza siku za Jumamosi. Fedha zenyewe zimetokana na harambee, kwa hiyo nitatakiwa kuyaeleza matumizi yake mbele ya watu waliotoa kwa kujinyima.

Duka moja la vyombo vya muziki mjini Arusha linauza magitaa ya chapa ambayo sikuwahi kuisikia. Jina lake sitalitaja, kwa sababu sipendi kuisema vibaya wala kuisifu kabla ya kuijua. Bei yake ni karibu nusu ya bei ya Yamaha F310 iliyotundikwa kwenye ukuta huohuo. Muuzaji ananiambia kwamba kiwanda ni kilekile na tofauti ni jina tu, tena anasisitiza kwamba ubao wa freti, yaani ule wa shingoni wenye vyuma vyembamba ambapo vidole hukandamiza nyuzi, ni wa mpingo. Nimesoma maoni ya wanunuzi mtandaoni, wengi wao wakiwa Ulaya na Marekani, nikakuta wastani wa nyota nne na nusu kati ya tano. Hata hivyo wapo wachache wanaolalamika kwa ukali mno, kiasi kwamba ni vigumu kuamini kuwa wote wanazungumzia gitaa moja.

Naomba kufahamishwa kama sifa ya chapa ina uzito wowote katika magitaa ya bei hii, au tunalipia jina tu. Pia naomba kujua ni mambo gani mtu kama mimi, ninayejua kodi (mishiko ya vidole) chache za kuimbia, ninaweza kuyakagua dukani bila kumbeba fundi.

Fundi wa Njiro (Arusha)

Ndugu Katibu, salamu. Kazi yangu ni kutengeneza magitaa, na yanayofika mezani kwangu kwa wingi ni hayohayo ya bei nafuu, kwa hiyo ninazungumza kama mtu anayeyaona kwa ndani.

Mkanganyiko uliouona katika maoni hautokani na uongo wa upande wowote. Wote wanasema kweli, kwa sababu magitaa waliyopewa hayafanani, ingawa jina na namba ya modeli ni moja. Viwanda vikubwa vya leo hukata mbao kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na katika hatua hiyo gitaa la bei ya chini hukaribiana sana na la bei ya juu. Tofauti huingia katika mambo mengine: kama mbao zilikaushwa vya kutosha kabla ya kukatwa, kama freti zilisawazishwa moja moja au zilipigwa nyundo tu na kuachwa, kama gundi ya daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye uso wa gitaa, iliachwa ikauke, na kama mwishoni yupo mtu mwenye mamlaka ya kulikataa gitaa lililoharibika. Hatua hizo zinataka muda na mikono ya watu, na ndizo zinazopunguzwa kwanza bei inapotakiwa ishuke. Kwa hiyo chapa yenye sifa mbaya haimaanishi kwamba magitaa yake yote ni mabaya. Maana yake ni kwamba umbali kati ya lile zuri na lile bovu ni mkubwa. Mimi huipima sifa ya chapa kwa gitaa lake bovu kuliko yote lililoruhusiwa kutoka kiwandani.

Sasa fikiria nyota hizo zinatolewa na nani. Mjerumani anayeagiza Harley Benton, ambayo ni chapa ya duka la Thomann la hukohuko Ujerumani, akipelekewa gitaa bovu hulirudisha na kupewa jingine, na nyota anazotoa baadaye zinapima gitaa pamoja na haki yake ya kulirudisha. Wewe ukishavuka daraja la Kikafu ukielekea Moshi, gitaa hilo ni lako kwa heri na kwa shari. Mnunuzi asiye na nafasi ya kurudisha bidhaa anapaswa kuogopa lile bovu kuliko anavyolitamani lile zuri, na hapo ndipo jina lenye ukaguzi wa uhakika linapostahili kulipiwa. Kumbuka pia kwamba maoni mengi huandikwa gitaa likiwa bado linanukia rangi. Daraja linalobanduka na shingo inayopinda havionekani katika wiki ya kwanza.

Kuhusu kiwanda kuwa kilekile, muuzaji amesema nusu ya ukweli. Cor-Tek ya Korea Kusini, yenye chapa yake ya Cort, hutengeneza pia magitaa ya chapa nyingine. Magitaa mengi ya chapa ya Kimarekani ya PRS, yale ya kundi la bei nafuu la SE, kwa mfano, hutoka katika kiwanda chake cha Indonesia. Huko China kuna wilaya nzima ya Zheng'an, katika jimbo la Guizhou, inayoishi kwa kutengeneza magitaa, na mengi kati ya hayo hubandikwa jina la mteja aliyeagiza. Hata hivyo kiwanda hutengeneza kwa masharti ya mteja na kwa bei aliyokubali kulipa. Mteja mmoja hulipia usawazishaji wa freti na ukaguzi wa kila gitaa, na mwingine halipii hata kimoja. Kutoka katika jengo moja hakuyafanyi kuwa gitaa moja.

Jina nalo huhama, na wengi hawalitazami hilo wanaposoma sifa. Squier lilikuwa jina la watengenezaji wa nyuzi wa Battle Creek, Michigan, ambao Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, iliwanunua mwaka 1965. Mwaka 1982 jina hilo likaanza kuwekwa kwenye magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Japani, na baadaye kazi ikahamia Korea, China na Indonesia. Epiphone, iliyoasisiwa na familia ya Kigiriki ya Stathopoulo na kukulia New York, iliingia mikononi mwa kampuni mama ya Gibson, chapa nyingine kubwa ya magitaa ya Marekani, mwaka 1957, na tangu mwaka 2004 ina kiwanda chake Qingdao, China. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Squier ni gitaa zuri, muulize ni modeli ipi, ya nchi ipi na ya mwaka gani, kwa sababu sifa iliyopatikana Japani miaka ya themanini haisafiri yenyewe hadi kwenye gitaa la leo lenye bei ya chini kuliko yote.

Na huo mpingo! Sisi ndio tunaoishi na mti huo, na tunajua unavyokua taratibu na unavyogombewa na watengenezaji wa klarineti na obo. Kwa bei uliyoitaja, hesabu kwamba ni mbao nyingine iliyotiwa rangi nyeusi. Pangusa ukingo wa ubao wa freti kwa kitambaa cheupe chenye mafuta kidogo, uone kitambaa kinavyogeuka. Mbao iliyotiwa rangi haizuii gitaa kupiga vizuri, lakini muuzaji anayekuambia ni mpingo amekwisha kukuonyesha uzito wa maneno yake mengine.

Mwalimu Solfa (Usa River)

Ninakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila ningependa Katibu asije akaliamini jina la Yamaha kwa sababu isiyo sahihi. Watu wengi hudhani kwamba F310 ina uso wa ubao mmoja mzima wa sprusi, mti wa jamii ya msonobari. Uso wake ni wa tabaka zilizogandishwa pamoja, yaani ni plaiwudi iliyotengenezwa vizuri. Ukitaka uso wa ubao mzima kutoka kampuni hiyohiyo, unapanda hadi FG800, na bei nayo inapanda. Kinachonunuliwa katika F310 ni ule ufanani ambao Fundi ameueleza: ukiyapanga kumi darasani, yote kumi yatapigika, na hakuna mwanafunzi atakayeamini kwamba hana kipaji kwa sababu tu alipewa gitaa lisilopigika. Hilo kwangu mimi ninayefundisha ndilo jambo la kwanza. Anayeanza hawezi kujua kama kosa ni la vidole vyake au la chombo, na mara zote hujilaumu mwenyewe.

Tena uso wa tabaka una faida yake katika mazingira yetu. Mbao hunyonya unyevu wa masika kuanzia Machi hadi Mei, ikavimba na kuinua nyuzi, kisha hunywea katika miezi ya ukame hadi ncha za freti zikajitokeza kando ya shingo na kukwaruza mkono. Watengenezaji wengi hushauri unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55, jambo ambalo hakuna chumba cha kwaya ninachokijua kinachoweza kulihakikisha mwaka mzima. Ubao mzima hutoa sauti pana zaidi lakini huyumba zaidi na hupasuka kwa urahisi zaidi. Gitaa la usharika, linalopanda bodaboda na kulala kabatini karibu na dirisha, litadumu zaidi likiwa la tabaka.

Kwa lile la vijana wanaojifunza, kama wapo wenye umri mdogo, lifikirie gitaa la nyuzi za nailoni, kama Yamaha C40 au la aina hiyo. Nyuzi zake ni laini kwa vidole, ingawa shingo ni pana kidogo. Kosa moja ambalo nimeliona mara nyingi ni watu kulifunga nyuzi za chuma gitaa la aina hiyo. Mvuto wake ni mkubwa kuliko daraja lilivyoundwa kuustahimili, na siku moja daraja litang'oka.

Mzee wa Rithimu (Moshi, Majengo)

Vijana wangu, mmesema vizuri. Niongeze neno moja la wale tuliokuwapo zamani.

Sisi tulianzia kwenye galatoni, yaani Gallotone, magitaa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Yalikuwa magitaa ya bei ya chini kabisa, na nyuzi zilikaa juu hadi vidole vikaota sugu kabla ya kujua kodi ya pili. Hata John Lennon wa Beatles, alipokuwa akipiga na kikundi chake cha awali cha Quarrymen mwaka 1957, alikuwa na Gallotone Champion, na ndani ya tundu lake kulikuwa na karatasi ya dhamana kwamba gitaa halitapasuka. Ndugu Katibu, itazame dhamana hiyo. Hawakudhamini sauti wala ulaini wa nyuzi. Walidhamini kile ambacho plaiwudi inaweza kutimiza. Unaposoma sifa ambazo kampuni inajipa, angalia kwanza ni jambo gani hasa imekubali kuwajibika kwalo, kisha uangalie ni mambo gani imeyanyamazia.

Ushauri wangu mwingine ni huu: usilipie umeme ndani ya gitaa la bei nafuu. Gitaa lenye vitufe ubavuni na betri ya volti 9 linapouzwa kwa bei ileile ya gitaa kavu, ujue fedha za pikiapu, kile kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi, zimechotwa kwenye mbao na shingo. Chukua gitaa kavu tupu, na kanisani liwekeeni maikrofoni mbele yake.

Kijana wa Ngarenaro

Shikamoo Mzee, na salamu kwa wote. Kwa heshima zote naona mnaikuza Yamaha kupita kiasi. Kama chapa hiyo ya dukani ni nusu ya bei, Katibu anunue magitaa mawili, kisha sehemu ya fedha zitakazobaki ampe fundi ayaweke sawa. Gitaa la bei nafuu lililopita mikononi mwa fundi hulishinda lenye jina ambalo halijaguswa tangu litoke ndani ya boksi. Hii si nadharia, mimi mwenyewe ninapiga gitaa la namna hiyo bendini na hakuna aliyewahi kuniuliza jina lililopo kichwani.

Mzee wa Rithimu (Moshi, Majengo)

Marahaba. Hoja yako ina nguvu, tumsikie Fundi.

Fundi wa Njiro (Arusha)

Kijana wa Ngarenaro, kazi unayoisema ndiyo inayonilisha, kwa hiyo sitaikana. Lakini ni lazima tutenganishe magonjwa yanayotibika na yasiyotibika.

Nyuzi zilizokaa juu kwa sababu mfupa wa darajani, ule ukingo mdogo ambao nyuzi hukaa juu yake, ni mrefu hutibika kwa kuusugua. Mifereji ya kichwani iliyochimbwa kwa kina kisichotosha hutibika kwa tupa ndogo. Shingo iliyopinda kidogo kwenda mbele hutibika kwa kukaza fimbo ya chuma iliyomo ndani yake, mradi fimbo hiyo ipo kweli na inazunguka. Nimefungua magitaa ambayo tundu la kukazia lilikuwa pambo. Nyuzi za kiwandani hubadilishwa, na ncha za freti zinazokwaruza hupigwa tupa. Kazi hizi zote kwa pamoja bado zinaacha gitaa la bei nafuu likiwa la bei nafuu.

Yasiyotibika kwa gharama inayoeleweka ni matatu. Shingo iliyojisokota, yaani upande mmoja umeinuka na mwingine umelala, haiwezi kunyooshwa na fimbo. Shingo iliyobandikwa kwenye sanduku kwa pembe mbaya hutaka kung'olewa na kubandikwa upya, na kazi hiyo huweza kuzidi thamani ya gitaa. La tatu ni daraja lililobandikwa mahali pasipo pake, na gitaa lenye ugonjwa huo halitaimba kwa usahihi hata ulifunge nyuzi za dhahabu.

Ndugu Katibu, uliuliza namna ya kukagua bila fundi. Beba tepu ya fundi cherehani na kadi zako za benki. Kwa tepu, pima kutoka mahali nyuzi zinapoanzia kichwani hadi katikati ya freti ya 12, kisha kutoka freti hiyo hadi kwenye mfupa wa darajani. Umbali wa pili unatakiwa kulingana na wa kwanza au kuuzidi kwa milimita chache tu, huku uzi mnene ukizidi kidogo kuliko mwembamba. Ukipungua, au ukizidi kwa kiasi kinachoonekana waziwazi, liache. Kadi tatu za benki zikipangwa pamoja zina unene wa karibu milimita 2.3. Ziingize chini ya uzi mnene kwenye freti ya 12. Zikiingia bila kuusukuma uzi na nafasi inayobaki ni ndogo, kimo kinafaa. Zikiingia tano na bado zinacheza, vijana wako watakimbia.

Kisha lishike gitaa kichwa chake kikiwa karibu na macho yako, utazame kutoka kichwani kuelekea darajani, uone kama freti zote zimelala sambamba au kama shingo inajisokota. Guza uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza ili utoe ule mlio wa filimbi, halafu ukandamize mahali hapohapo. Kifaa cha kutyunia kilichomo kwenye simu kikionyesha sauti mbili zinazotofautiana sana, una tatizo. Mwisho piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, bila kuona aibu mbele ya muuzaji. Mahali panapokwaruza au sauti inapokufa kuna freti iliyoinuka.

Baada ya hapo omba kupimiwa jingine la modeli ileile. Hapo ndipo utakapoiona chapa.

Katibu wa Kwaya (Moshi)

Ninawashukuru wote. Nimerudi Arusha na tepu na kadi kama nilivyoelekezwa, nikaomba kuyaona magitaa yote ya ile chapa yaliyokuwapo dukani. Muuzaji alinung'unika kidogo, lakini akayashusha.

Moja lilikuwa zuri kweli, na ninakiri kwamba kwa sauti sikuweza kulitofautisha na F310. La pili lilipita kadi tano kwenye freti ya 12. Katika la tatu, umbali wa kutoka freti ya 12 hadi darajani ulikuwa mfupi kuliko ule wa kutoka kichwani, na kifaa cha simu kikathibitisha kwamba kila uzi unapanda ukikandamizwa. Modeli ni moja, boksi ni moja, bei ni moja. Yamaha mbili nilizozipima zilitofautiana kwa upana usiofikia unene wa kadi. Kitambaa cheupe nacho kilitoka na weusi kwenye "mpingo", na mimi na muuzaji tukanyamaza.

Nimechukua F310 moja kwa ajili ya ibada, na lile moja zuri la chapa ya dukani kwa ajili ya mazoezi ya Jumamosi. Nimemweleza mwenyekiti wazi kwamba hilo la pili nimelinunua kama gitaa, sikununua chapa, kwa hiyo asimwagize mtu kwenda kuongeza jingine kama hilo bila kupima. Swali langu la mwisho ni kuhusu nyuzi: la mazoezi limekuja na nyuzi ngumu, je, nibadilishe sasa au nisubiri zichakae?

Fundi wa Njiro (Arusha)

Badilisha sasa, na ufunge seti inayoanzia unene wa inchi 0.011 au hata 0.010, kwa sababu ni laini kwa wanaoanza na zinapunguza mvuto kwenye daraja. Ukishabadilisha, shingo inaweza kurudi nyuma kidogo na nyuzi zikaanza kukwaruza freti za mwanzo. Usiikaze wala kuilegeza fimbo mwenyewe siku hiyo. Liache litulie kwa siku chache, na kama bado linakwaruza, nitumie picha ya shingo iliyopigwa kutoka upande wa kichwa.